Vioo vya umeme kwenye gari la mjomba

Hendo ya kioo ilibaki mkononi mwangu tukiwa kati ya Msimbati na Madimba, mvua ndiyo kwanza inaanza, kioo cha upande wangu kikiwa nusu wazi. Nilimwonyesha mjomba. Akaiangalia, akarudisha macho barabarani.

"Mpwa, hiyo ndiyo ilikuwa imebaki."

Ya upande wake ilishavunjika zamani. Tangu hapo alikuwa anazungusha kile chuma kidogo kilichobaki mlangoni kwa plaizi, na plaizi yenyewe ilikuwa na makazi ya kudumu juu ya dashibodi. Kwenye geti la hifadhi ya bahari, kwa trafiki, kwa mteja anayetaka kuuliza nauli, mjomba hakuwa anafungua kioo tena. Alikuwa anafungua mlango mzima. Kuna askari mmoja alishamwambia, "Mzee, ukinifungulia mlango hivyo nadhani unataka kukimbia."

Gari lenyewe ni Land Cruiser pikapu ya mwaka 1993, familia ya 75, injini ya 1HZ, silinda sita, dizeli ya sisi wote. Halijawahi kuwa na kitu chochote cha anasa. Kazi yake ni kuleta samaki na watu kutoka Msimbati kuja Mtwara mjini, na kurudi na unga, saruji, mabati na watu walewale. Wakati wa korosho linaingia mpaka vijiji vya ndani. Ada yangu na ya mdogo wangu inatoka kwenye bodi lile. Wenzangu wanasubiri bumu, mimi nasubiri bumu na bei ya samaki.

Sasa tatizo la kweli halikuwa hendo. Tatizo lilikuwa bega. Mjomba bega lake la kulia lilianza kukaza mwaka jana, hospitalini wakamwambia limeganda, apunguze kuuzungusha mkono ule kwa nguvu na afanye mazoezi mepesi. Usukani anaumudu, maana una msaada wa haidroli. Gia zipo mkono wa kushoto. Kilichokuwa kinammaliza ni kioo, ambacho kwa dereva wa Tanzania kipo mkono wa kulia. Akaanza kusema habari za kuliuza gari. Mimi nipo mwaka wa tatu, fizikia na hisabati, na habari za kuliuza gari zilinikosesha usingizi kuliko mtihani wowote.

Nilipowaambia wenzangu bwenini kwamba nataka kuweka vioo vya umeme kwenye pikapu ya zamani, walicheka sana. Mmoja akasema nikimaliza niweke na kapeti. Nawaelewa. Hendo mpya ni elfu chache tu. Kama gari lako hendo imevunjika na mkono wako ni mzima, nunua hendo, makala hii achana nayo. Hendo haina waya, haichomi gari. Lakini kama una sababu kama ya mjomba, au una mzazi mwenye Hilux, Land Rover au Canter ya zamani anayetaka kitu hiki, basi soma, kwa sababu sisi tulikifanya mara mbili. Mara ya kwanza nusura tulichome gari.

Ndani ya mlango kuna nini

Ukitoa kava la ndani la mlango unakuta karatasi ya nailoni iliyobandikwa. Usiichane. Ile ndiyo inayozuia maji yanayoteremka na kioo yasiingie ndani ya gari, na mafundi wengi wakishaitoa hawairudishi. Nyuma yake kuna kitu mafundi wanakiita mashine ya kioo. Kwenye gari kama la mjomba, mashine hiyo ni mikono ya chuma inayokaa kama mkasi. Hendo inazungusha gia ndogo, gia ndogo inasukuma kipande kikubwa cha chuma chenye meno, umbo la kipande cha pai, nacho kinainua mikono ya mkasi. Kwenye ncha za mikono kuna viguruduma vinavyoteleza ndani ya reli iliyofungwa chini ya kioo.

Kuna kifaa kimoja hapo ambacho watu hawakitambui. Nyuma ya hendo kuna springi iliyojikunja ndani ya kikombe cha chuma. Ukizungusha hendo, springi inajibana na kukuachia. Lakini kioo chenyewe kikitaka kuteremka kwa uzito wake, springi inatanuka na kung'ang'ania kikombe. Ndiyo maana kioo hakiporomoki ukipita kwenye mashimo, na ndiyo maana mwizi hawezi kukisukuma tu chini kwa viganja.

Mota ya umeme haihitaji springi hiyo, kwa sababu ndani yake kuna gia ya parafujo: nondo ndogo yenye mzunguko kama wa skrubu inayozungusha gurudumu la meno. Skrubu inaweza kuzungusha gurudumu, gurudumu haliwezi kuizungusha skrubu. Kioo kinabaki pale ulipokiacha. Ubaya wake ni kwamba gia ya namna hii inapoteza nguvu nyingi kwa msuguano, na hapa ndipo nilipokaa na kalamu.

Kioo cha mlango ule tulikipima kwenye mizani ya samaki, kilikuwa kama kilo 4. Kinapanda kama sentimita 45. Kazi ya kukinyanyua ni 4 mara 9.8 mara 0.45, yaani jouli zisizofika 18. Ni kidogo sana. Mota inayokula ampea 6 kwa volti 12, ikifanya kazi sekunde 4, inatumia jouli 288. Kwa hiyo katika kila jouli 16 zinazotoka kwenye betri, moja tu ndiyo inanyanyua kioo. Nyingine zote zinakwenda kwenye msuguano: ndani ya gia, kwenye viguruduma, na zaidi ya yote kwenye raba ambazo kioo kinapita katikati yake.

Hesabu ile ilinibadilisha mawazo. Nilikuwa nadhani tunatafuta nguvu ya kunyanyua uzito. Kumbe uzito si kitu. Adui ni msuguano, na kwa gari linalolala Msimbati adui huyo ana jina: mchanga na chumvi.

Raba kabla ya mota

Kosa letu la kwanza lilikuwa hapo. Tuliweka mota kabla ya kushughulikia raba. Mtu yeyote aliyewahi kwenda Msimbati anajua kwamba gari huko linapita juu ya mchanga, mpaka ufukweni kabisa, na ule mchanga wa pwani ni mweupe, laini, unaingia popote. Ukikaa ndani ya zile raba zenye manyoya pembeni ya kioo, unageuka msasa. Raba nazo kwa miaka thelathini ya jua zimekuwa ngumu kama ukwaju mkavu. Hendo za mjomba hazikuvunjika kwa sababu ni mbovu. Zilivunjika kwa sababu kila siku zilikuwa zinapigana na mchanga. Bega lake nalo, sitaki kujifanya daktari, lakini nina mawazo yangu.

Kipimo ni rahisi. Tenganisha kioo na mashine, kishike kwa mikono miwili, kipandishe na kukiteremsha ndani ya raba zake. Kama unahitaji kukaza meno, mota yako itakufa mapema. Chetu tulipokipima mara ya pili (mara ya kwanza hatukupima kabisa) kilikuwa kinakwama sentimita 10 kabla ya kufika juu.

Tuliosha raba kwa maji baridi, siyo ya chumvi, na mswaki wa zamani, mara tatu, mpaka maji yakatoka masafi. Zile zilizochanika tuliagiza Dar es Salaam, zikaja kwa basi. Baada ya hapo zinahitaji kilainishi, na hapa watu wanaharibu: wanapaka grisi. Grisi ya kawaida inavimbisha raba, halafu inakamata mchanga mpya, ndani ya wiki mbili una msasa wenye mafuta. Tumia silikoni ya kupuliza. Ukikosa, poda ya mtoto. Grisi weka kwenye meno ya gia na viguruduma tu, mahali ambapo ni chuma kwa chuma.

Ukiwa hapo chini, chungulia na matundu ya kutolea maji yaliyo kwenye ukingo wa chini wa mlango. Yetu yote yalikuwa yamezibwa na mchanga. Mlango ulikuwa unatunza maji kama mtungi, na ndani yake tulikuwa tunapanga kuweka mota.

Baada ya kazi hiyo kioo kilipanda kwa vidole viwili. Mjomba alijaribu mwenyewe kwa plaizi yake, akacheka, akasema, "Sasa hiyo mota ya nini?" Nilikosa jibu kwa dakika nzima. Ukweli ni kwamba kama tungeanza na raba, pengine tungeishia hapo. Lakini mota zilikuwa zimeshanunuliwa, na bega lilikuwa bado ni lilelile.

Njia mbili za kuweka mota

Njia ya kwanza ni kutafuta mashine kamili ya kioo cha umeme kutoka kwenye gari la familia moja na lako lililotoka kiwandani na vioo vya umeme. Kwa Hilux na Land Cruiser za karibuni inawezekana kupata mtumba, Gerezani au Ilala huko Dar. Ukipata inayolingana matundu, hiyo ndiyo njia ya kiume: unatoa ya zamani, unafunga mpya, mota na mkasi wake vilishazoeana kiwandani. Tatizo ni "ukipata". Milango inafanana kwa nje na kutofautiana kwa ndani, na mashine ikipishana sentimita moja kioo kinapanda kimeinama. Usinunue kwa picha ya WhatsApp. Peleka ya zamani ukailinganishe, au mtume mtu mwenye macho.

Njia ya pili, ambayo ndiyo tuliyofuata, ni kiti ya jumla isiyo ya gari maalumu. Ndani ya boksi kuna mota mbili, swichi, waya na vijibakuli vya plastiki vya ukubwa tofauti. Mashine yako ya zamani inabaki palepale. Kijibakuli kinachoendana na meno ya ile nondo ya hendo unakifunga mahali pa hendo, na mota iliyo mbali kidogo ndani ya mlango inakizungusha kwa waya mgumu wenye mzunguko kama wa skrubu, unaopita ndani ya bomba jembamba. Yaani mota inashika mahali pa mkono wako na kuzungusha hendo isiyoonekana.

Faida yake kubwa sikuiona mwanzoni: inaweza kurudishwa nyuma. Mota ikifa porini, unafungua skrubu, unatoa kijibakuli, unaingiza hendo au plaizi, kioo kinapanda. Hasara yake ni kwamba haina nguvu sana na ule waya haupendi kupindishwa. Bomba likikunjwa kona kali, mota inaimba badala ya kufanya kazi. Tulifanya mkunjo mpana kama wa sahani ya chakula, tukafunga bomba kwa vibano ili lisigongwe na kioo kinaposhuka. Kabla ya kutoboa chochote teremsha kioo mpaka chini kabisa uone kinafika wapi. Sisi tulitoboa kwanza. Tundu letu la ziada limezibwa na raba mpaka leo.

Na kabla ya hata kununua, pima volti. Magari madogo ni 12, lakini Fuso na malori mengi ni 24, na zipo Land Cruiser za dizeli zilizotoka na mfumo wa 24. Usihesabu betri. Betri mbili zinaweza kuwa zimeunganishwa sambamba zikatoa 12, au mfululizo zikatoa 24. Weka maltimita kwenye waya wa taa za mbele, usome. Mota ya volti 12 ukiipa 24 itapandisha kioo kwa kasi ya ajabu, kwa muda mfupi.

Ule moshi

Fundi wa kwanza tuliyemwita simtaji, wala gereji yake. Ni mtu mzuri na kazi ya kufunga bodi anaijua. Umeme alichukua njia ya mkato. Alikata waya wa redio, akaunganisha mota zote mbili hapo. Vioo vikapanda. Tukashangilia. Siku ya tatu fyuzi ya ampea 15 ikakatika. Akaweka ya 30. "Hii haikatiki," akasema, na kweli haikukatika.

Wiki ile mjomba alikuwa anatoka Naliendele, abiria sita nyuma, mama mmoja na mtoto mbele. Mvua ikaja, mama akabonyeza swichi kupandisha kioo. Kikakwama pale penye sentimita 10 za mwisho. Akaendelea kubonyeza, kama mtu yeyote angefanya. Moshi ukatoka chini ya dashibodi, ule moshi mweupe wenye harufu ya plastiki ambao ukishaunusa hausahau. Mjomba akasimamisha gari, akawashusha watu wote kwenye mvua, akafungua boneti na kung'oa waya wa betri kwa mkono. Kwa mkono wa bega bovu. Plastiki ya nyaya ilikuwa imeyeyuka kama nusu mita, na waya wa taa uliokuwa jirani nao ulikuwa umeanza kuachia. Dakika nyingine mbili na ningekuwa naandika makala nyingine, au siandiki kabisa kwa sababu ningekuwa nimeshaacha chuo.

Ilinipasa kuelewa kwa nini, maana mimi ndiye niliyesema tuweke umeme.

Mota inapozunguka, yenyewe pia ni jenereta. Inazalisha volti zake zinazopingana na zile za betri, na kwa hiyo mkondo unaopita ni mdogo, tuseme ampea 6. Mota ikikwama, haizalishi kitu. Inabaki kuwa waya tu uliokunjwa. Kama waya huo una ukinzani wa omu 0.6, mkondo unakuwa 12 gawa kwa 0.6, yaani ampea 20. Kukwama kunazidisha mkondo zaidi ya mara tatu.

Sasa chukua waya wa redio. Ulikuwa mwembamba, kama milimita za mraba 0.5. Shaba ya unene huo ina ukinzani wa kama omu 0.034 kwa kila mita. Joto linalotoka ni mkondo mara mkondo mara ukinzani. Kwa ampea 6, kila mita inatoa wati 1.2, hakuna atakayesikia. Kwa ampea 20, kila mita inatoa karibu wati 14. Mkondo umezidi mara tatu na kidogo, joto limezidi mara kumi na moja. Waya ulikuwa na urefu wa kama mita 4, umefungwa tepu pamoja na wenzake mahali pasipo na upepo. Hizo ni wati 55, zaidi ya pasi ya kawaida ya kusoldea, zimelala chini ya dashibodi juu ya magoti ya abiria.

Na fyuzi? Fyuzi ya 15 ilikuwa inasema ukweli. Watu wengi wanadhani fyuzi inalinda kifaa. Fyuzi inalinda waya. Ukiweka ya 30 kwenye waya ambao hauwezi hata 15, basi waya wenyewe ndio unageuka kuwa fyuzi, na ni fyuzi yenye urefu wa mita 4. Mota nyingi zina kikata joto ndani yake, lakini kile ni kwa ajili ya mota. Waya ukichubuka na kupiga shoti kabla ya kufika kwenye mota, hakina habari.

Mara ya pili tulifunga wenyewe, mimi na fundi umeme mwingine wa pale Mikindani, mtu wa maneno machache. Tulitoa waya mpya wa milimita za mraba 4 moja kwa moja kutoka kwenye chanya ya betri, na fyuzi ya 30 ikawekwa ndani ya sentimita 20 kutoka betri, siyo mwisho wa safari. Waya ukaingia kwenye rilei inayoamshwa na swichi ya ufunguo, ili ufunguo ukitoka vioo visifanye kazi. Kutoka kwenye rilei kila mlango ukapewa waya wake wa 2.5 na fyuzi yake ya 20. Piga hesabu ileile: kwa waya wa 2.5, hata mota ikikwama, kila mita inatoa chini ya wati 3, na mota inapokea volti karibu zote. Hapo nyuma ilikuwa inapoteza volti zaidi ya moja njiani, ndiyo maana vioo vilikuwa vizito usiku taa zikiwa zimewashwa.

Swichi inayogeuza

Jambo lililonisumbua kichwa zaidi ni swichi, kwa sababu nilitaka mjomba aweze kufungua kioo cha kushoto bila kumwomba abiria, na abiria naye awe na swichi yake.

Mota ya kioo ina waya mbili tu. Ukiweka chanya huku na hasi kule inapandisha, ukigeuza inateremsha. Swichi ikiwa imetulia, waya zote mbili za mota zinagusa hasi. Ukibonyeza juu, waya mmoja unahamia chanya, mwingine unabaki hasi. Ukibonyeza chini, kinyume chake. Swichi nzuri ina miguu mitano: chanya, hasi mbili, na mbili za kwenda kwenye mota.

Kwa swichi mbili na mota moja, usiziunganishe sambamba. Mwingine akibonyeza juu na mwingine akibonyeza chini kwa wakati mmoja, umepiga shoti betri kupitia vidole vya watu. Njia sahihi ni hii: zile hasi mbili za swichi ya abiria usizipeleke kwenye bodi, zipeleke kwenye miguu miwili ya mota ya swichi ya dereva. Swichi ya dereva ikitulia, inazipa hasi, na abiria anafanya kazi kama kawaida. Dereva akibonyeza, anatuma chanya kupitia swichi ya abiria iliyotulia mpaka kwenye mota. Nilichora mchoro huo mara nne nyuma ya daftari la Sakiti kabla haujaniingia, na ulipoingia nilijiona nimehitimu.

Hasi ya swichi ifunge kwenye bolti ya bodi uliyoikwangua rangi mpaka chuma king'ae, halafu paka vaselini juu yake. Usitegemee bawaba za mlango kupitisha umeme. Kwa hewa yetu ya bahari kiungo cha shaba kisichofunikwa kinaota ukungu wa kijani, na ukungu ule ni ukinzani. Viungo vyote vilisoldewa na kuvikwa mpira wa kubana kwa joto. Tepu peke yake huachia gundi kwa jua la hapa.

Waya unapotoka kwenye bodi kuingia mlangoni, hapo ndipo unapokufa. Mlango unafunguliwa mara hamsini kwa siku kwenye gari la abiria. Toboa tundu la bodi na tundu la mlango kwa kupishana kimo kidogo, siyo uso kwa uso, ili waya ujipinde taratibu. Weka raba kwenye kila tundu, na bomba laini la mpira katikati. Bila raba, chuma kitakata plastiki ya waya, na utarudi kwenye ule moshi.

Watoto na maji

Kuna mambo mawili hendo haikuwa nayo. La kwanza ni vidole vya watoto. Hendo inajua mkono umebanwa kwa sababu aliyeizungusha anasikia uzito. Mota ya kiti ya jumla haisikii kitu. Magari mapya yana akili ya kurudisha kioo kikigusa kitu, haya yetu hayana. Marekani sheria yao ya usalama wa magari inataka swichi iwe ya kuvutwa juu ndipo kioo kipande, ili mtoto akiikanyaga kwa goti anapochungulia dirishani kioo kisimbane shingo. Sisi tulizilaza swichi zetu kwenye kishimo kidogo chini ya dashibodi, mbali na magoti, na mjomba ana swichi ya kuua upande wa kushoto wote. Anaitumia akipakia watoto wa shule.

La pili ni pantoni. Mjomba huvuka Ruvuma pale Kilambo mara chache, mzigo ukiwepo. Tangu enzi za hendo ana desturi ya kuteremsha vioo vyote kabla ya kupanda pantoni, na nilimwomba asiiache. Umeme ukiingia maji unaweza kuendelea kwa muda mfupi, unaweza usiendelee, hakuna wa kukuhakikishia, na mlango ukishasukumwa na maji haufunguki. Kioo kiwe chini mapema. Kwenye kiboksi cha dashibodi tumemwekea nyundo ndogo yenye ncha. Kioo cha pembeni kinavunjwa kwenye kona, siyo katikati. Pembeni ya nyundo kuna hendo moja mpya, ya elfu chache, na bisibisi ya kutolea kijibakuli. Plaizi imerudi kwenye boksi la spana.

Kwa faida ya wanaonicheka: anasa hii siyo ya juzi. Packard walitoa gari lenye vioo visivyozungushwa kwa mkono mwaka 1940, tena wakitumia haidroli, mafuta yakisukuma kioo. Mjomba nilipomwambia aliuliza kama mafuta yalikuwa yanavuja. Nadhani yalikuwa yanavuja.

Kiti ilitugharimu laki moja na ishirini, raba na nyaya karibu kiasi hichohicho, nyaya zilizoungua sitaki kuhesabu. Ni miezi mitano sasa. Kioo cha kulia kinapanda kwa sekunde 5. Cha kushoto kinapanda kwa 8, kwa sababu mkunjo wa bomba upande ule bado ni mkali, na Jumamosi nitakwenda kuufungua upya. Bega lake linaendelea na mazoezi. Trafiki yule wa zamani alimsimamisha tena mwezi uliopita, kioo kikateremka chenyewe kwa mlio wake wa mota, askari akarudi nyuma hatua moja, akaliangalia gari kuanzia bampa mpaka bodi la nyuma, akamuuliza mjomba kama kadi ya gari ni ya gari hilihili.